Alama tatu pungufu: kisa cha kijana aliyetaka kuwa tabibu katika Jeshi la Marekani

Dada yangu aliiweka ile karatasi mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeleta majibu ya hospitali. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Juu kulikuwa na namba moja kubwa, 57, na chini yake safu ya namba ndogo ndogo ambazo hakuna mtu pale nyumbani aliyezitazama mara mbili.

"Amepita," akaniambia. "Mbona basi wanasema hakupita?"

Alikuwa amepita, na alikuwa hakupita. Ilinichukua jioni nzima kumweleza, na kwa kuwa wazazi wengine wa huku Texas wamenipigia simu kuuliza jambo lilelile, nimeona niandike kisa chenyewe kama kilivyokwenda. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili kijana asitambulike.

Ni mpwa wangu, wakati huo ana miaka 21. Alikuja na mamake mwaka 2019 kwa bahati nasibu ya viza, na mkononi alikuwa na grinkadi na cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, chenye B- kutoka shule ya kutwa ya Mombasa. Usiku alifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala karibu na Dallas. Shida yake ilikuwa karo: alitaka uuguzi, na uuguzi huku si wa kulipiwa na mshahara wa ghala. Jeshi lingemlipia masomo baadaye, lingemfupishia njia ya uraia, na lingemfundisha utabibu tangu mwanzo kama angepata kazi inayoitwa 68W, yaani tabibu wa kikosi, yule anayekwenda na askari na kumfunga jeraha palepale alipoangukia. Mwanzoni alitamani pia kazi ya ulinzi wa mitandao, 17C. Hiyo nilimwambia aisahau kwa sasa: inataka uraia na kibali cha siri za juu kabisa, na mwenye grinkadi hana pa kuanzia hata akipata alama za mbinguni.

Kwetu vijana hupangwa uwanjani, wakaangaliwa meno, wakapimwa urefu, wakakimbizwa juani. Huku mchujo wa kwanza unafanyika umekaa kitini, mbele ya kompyuta. Mtihani unaitwa ASVAB, na watu wengi wanaamini una alama moja. Hapo ndipo familia yetu ilipopotea.

Ile 57 inaitwa AFQT. Si alama 57 kwa 100. Ni nafasi: maana yake amefanya vizuri sawa na au kuliko watu 57 katika kila 100 wa kundi la kulinganishia, na kundi lenyewe ni vijana wa Marekani wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Mpwa wangu alizaliwa Mombasa mwaka 2001. Analinganishwa na watu waliofanya mtihani kabla mamake hajaolewa. Basi 57 yake ilikuwa nzuri, wala sikumpamba nilipomwambia hivyo, kwa sababu Jeshi la nchi kavu lilikuwa likimpokea mwenye cheti cha sekondari kuanzia 31. Cheti cha kigeni, hata hivyo, lazima kwanza kipitie kampuni ya tathmini ikithibitishe kuwa ni sawa na cha sekondari ya huku. Wenye KCSE mlioko huku, fanyeni hilo kabla ya jambo lolote jingine, maana bila hiyo tathmini unaweza kuhesabiwa kama mtu asiye na cheti, na milango inapungua.

Lakini AFQT inakufikisha langoni tu. Kazi unayopewa ndani inaamuliwa na zile namba ndogo za chini, na kwa 68W zinazotazamwa ni mbili: GT, ya uwezo wa jumla, isiyopungua 107, na ST, ya ufundi wa kitaalamu, isiyopungua 101. Karatasi ya mpwa wangu ilisema GT 104, ST 102.

Alama tatu.

Rikruta wake, yaani askari anayeandikisha vijana, alikuwa mtu mchangamfu, na alikuja na suluhisho tayari. "Saini sasa kazi nyingine, udereva wa malori au upishi, ukishaingia utabadilisha." Simlaumu sana. Tulikuwa mwaka 2022, mwaka ambao Jeshi la nchi kavu lilipanga kupata askari wapya 60,000 na likapungukiwa na kama 15,000. Kila kiti kilichokaa mtu kilikuwa ushindi kwake. Walikuwa wametangaza bonasi ya hadi dola 50,000 kwa baadhi ya kazi kwa mkataba wa miaka 6. Katika hali hiyo usitarajie rikruta akwambie, "Kijana, rudi nyumbani ukasome."

Maneno "ukishaingia utabadilisha" si uongo. Yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanauma. Askari aliye ndani anaweza kuingia darasa la kuimarisha masomo, linaitwa BSEP, akafanya mtihani wa ndani wa namna ileile, akapandisha GT yake. Nimewaona waliofanya hivyo. Lakini mkuu wake ndiye anayemwachia muda wa kwenda darasani, na kubadili kazi kwa kawaida kunangoja wakati wa kuongeza mkataba, na hata hapo lazima kazi anayoitoka ikubali kumwachia na ile anayoitaka iwe inapungukiwa. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu akiendesha lori huku akingoja. Na mkataba wa mwanzo, ukijumlisha muda wa akiba, ni wa miaka 8. Nilimwambia mpwa wangu kwamba siku ile, kabla hajasaini, yeye ndiye aliyekuwa na kitu wanachokitaka. Kesho yake baada ya kusaini, wao ndio wangekuwa na kitu anachokitaka yeye.

Dada yangu hakunipenda kwa maneno hayo. Yeye aliona kazi ipo mlangoni, bima ya afya ipo, na kakake anamwambia mtoto asubiri.

Sasa tuzifungue zile namba, kwa sababu hapa pana utamu. GT inatokana na vitu viwili tu: hesabu za mafumbo, AR, na alama ya lugha, VE, ambayo nayo ni muunganiko wa msamiati na ufahamu wa aya. Mpwa wangu alikuwa na AR 55 na VE 49. Katika alama hizi za sehemu, 50 ndiyo ya katikati. Hisabati tupu, ile ya aljebra na jometri, alipata 58, lakini hiyo haiingii kwenye GT hata chembe. Yaani pale alipokuwa hodari zaidi hapakumsaidia, na kilichomwangusha kilikuwa Kiingereza. Katika AFQT yenyewe VE inahesabiwa mara mbili. Mtoto aliyesoma miaka kumi na miwili kwa Kiingereza cha Kenya akaja kushindwa na Kiingereza! Mamake alicheka, kisha akanyamaza.

Nilimkalisha anieleze siku ya mtihani ilivyokwenda, swali kwa swali kadiri alivyokumbuka. Makosa yaliyotoka hapo yalikuwa ya tabia zaidi kuliko ya akili.

La kwanza ni tabia ya KCSE. Kwenye karatasi ya KCSE ukikutana na swali gumu unaliruka, unamaliza mepesi, unarudi. ASVAB ya kompyuta hairudi nyuma. Zaidi ya hayo, inakufuata: ukijibu vizuri, inakuletea gumu zaidi, ukikosea, inashusha. Yeye alipoona maswali ya mwanzo yanamsumbua aliyapitisha harakaharaka "ili nikayamalize mbele," na mashine ikaelewa kwamba hapa pana mtu wa kiwango cha chini, ikamshusha. Kupanda tena kutoka huko ni kazi. Upande wa msamiati alifanya kinyume chake: aling'ang'ania neno moja hadi muda ukamwishia na maswali mawili hayajaguswa. Una kama nusu dakika hivi kwa kila neno, na yale usiyoyafikia yanahesabiwa kana kwamba umeyabahatisha ovyo.

La pili ni kikokotoo. KCSE inakuruhusu kikokotoo na majedwali. Pale alipewa penseli na karatasi ya kuchorea. Kuzidisha 84 kwa 3.25 kulimchukua dakika nzima, kwa sababu aliweka namba juu ya namba kama darasa la tano. Nilimwonyesha: 84 mara 3 ni 252, robo ya 84 ni 21, jumla 273, basi. Muuza mahamri yeyote pale soko la Kongowea angekufanyia hesabu hiyo huku anakufungia.

La tatu lilinifurahisha na kunisikitisha pamoja. Mafumbo yao ya hesabu yamejaa futi, pauni, galoni na sarafu zenye majina badala ya namba. Na sehemu ya zana na magari ilikuwa na vitu ambavyo mpwa wangu alivishika tangu utotoni kwenye gereji ya babake mdogo: spana, bisibisi, jeki, tindo. Alizijua zote, ila alizijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza tulichoachiwa na Mwingereza. Mmarekani spana haiiti spana, wala buti na boneti za gari hazijui kwa majina hayo. Kijana alitazama picha ya kitu alichokitumia mara elfu, akachagua jibu lisilo lake.

Njia tulizokuwa nazo hazikuwa nyingi. Kulikuwa na kozi mpya ya maandalizi, iliyoanza katika kambi ya Fort Jackson mwezi Agosti mwaka huohuo, inayowachukua walio chini ya kiwango na kuwafundisha hadi siku 90. Dada aliisikia mahali akafurahi. Lakini ilitengenezwa kwa walioshindwa kuufikia mlango, na mtoto wake alikuwa ameshaupita. Ukiwa katikati namna hii, si hodari wa kutosha wala si dhaifu wa kutosha, misaada mingi inakupita kando.

Kulikuwa pia na Navy, jeshi la majini, na hapa nawaombeni mtulie kidogo. Matokeo ya ASVAB ni yaleyale, lakini kila jeshi linayachanganya kwa mapishi yake. Kwa matabibu wake, Navy ilikuwa ikijumlisha VE, hisabati tupu na sayansi. Mpwa wangu: 49, 58, 48. Jumla 155, na kiwango chao kilikuwa chini ya 150. Karatasi ileile, siku ileile, upande mmoja hatoshi, upande wa pili anatosha na chenji inabaki! Hakuna aliyemwambia, kwa sababu rikruta wa nchi kavu hauzi bidhaa za duka la jirani. Nilimshauri akaongee nao, kuanzia na suala la uraia. Alikwenda mara moja. Kisha mamake akajua kwamba Marines, askari wa kushambulia kutoka baharini, hawana matabibu wao wenyewe, wanaazimwa wa Navy na kwenda nao mstari wa mbele, na mlango huo ukafungwa kwa kishindo. "Sisi watu wa pwani," akasema, "bahari tunaijua ndiyo maana hatumpi mtoto." Sikuwa na jibu.

Ikabaki kurudia mtihani. Huku nako kuna mitego. Ukishafanya mara ya kwanza unangoja mwezi mmoja, ya pili tena mwezi, na kuanzia hapo miezi sita kila mara. Kurudia kwa sababu tu unataka kazi fulani, ilhali AFQT yako inatosha, si haki yako. Kunategemea ruhusa, na kituo cha kwanza cha kuandikisha kilimkatalia wazi: "Una 57, unataka nini zaidi?" Kituo cha mtaa wa pili kilikubali baada ya yeye kwenda pale mara tatu, amevaa shati la kola, na daftari mkononi. Lakini mtego mkubwa ni huu: Jeshi la nchi kavu linashika matokeo ya mwisho, si bora. Huwezi kuchukua GT ya leo na ST ya mwezi uliopita. Karatasi ya kwanza inakufa yote.

Kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo mamake alidhani ni la kumvunja moyo: ukishuka, unapoteza nini? Na 57 alikuwa na kazi nyingi za kuchagua. Akirudi na 48 angebaki na chache, na bonasi zingine zingeyeyuka. Kurudia mtihani ukiwa umepungukiwa na alama tatu ni kucheza kamari na kitu ulicho nacho mkononi, isipokuwa umebadilika kweli kati ya mara ya kwanza na ya pili. Tukakubaliana wiki tisa, wala asiguse kompyuta ya mtihani kabla.

Mimi mwenyewe niliingia mwaka 2014 kwa mlango ambao sasa haupo, mpango wa MAVNI, uliowachukua wageni wenye lugha zinazotakiwa, Kiswahili kikiwemo. Tulitakiwa AFQT 50. Mwaka 2016 wakaacha kuwapokea wapya. Ninalitaja hili kwa sababu kijana aliniuliza, kwa uchungu kidogo, kwa nini Kiswahili changu kilinifungulia mlango na chake kinamfungia. Nikamwambia Kiswahili hakimfungii chochote. Kinachomfungia ni kwamba anasoma Kiingereza kwa ajili ya mtihani tu, na nje ya mtihani husoma vichwa vya habari kwenye simu. Na hapa ndipo nilipokuwa mkali kuliko mamake alivyotaka. Ile 107 haikuwekwa na mtu mwenye chuki. Mafunzo ya 68W huko Fort Sam Houston, San Antonio, ni wiki 16, na katika wiki za mwanzo unamezeshwa kozi nzima ya huduma ya dharura kisha unakaa mtihani wa kitaifa wa EMT, yaani wahudumu wa dharura. Ni kusoma kurasa nene kwa haraka, kisha maswali marefu yenye majibu mawili yanayofanana. Anayefeli pale jeshi linampeleka linakotaka lenyewe, na mara nyingi ndiko kulekule kwenye malori. Hila za mtihani zingeweza kumpa alama tatu. Zisingeweza kumpitisha San Antonio.

Basi programu tuliyoifuata ilikuwa ya kizamani. Kila siku kurasa kumi za kitabu chochote cha Kiingereza chenye watu na mambo, si cha maswali. Kila neno asilolijua linaingia daftarini pamoja na sentensi yake. Mafumbo ya hesabu ishirini bila kikokotoo, na kila fumbo kwanza alieleze kwa Kiswahili kwa mdomo: nani ana nini, anatakiwa nini. Nilishangaa jinsi hilo la mwisho lilivyomsaidia. Alikuwa akikurupuka kuzidisha kabla hajaelewa kisa.

Kosa langu katika mpango huu nilikuja kuliona baadaye. Tuliishughulikia GT kama mgonjwa pekee wodini. ST, yenye 102, tukaiona mzima. Lakini ST inakula sayansi na mekanika pia, puli na gia na nyenzo, na hayo kwa wiki tisa hakuyafungua hata siku moja.

Alirudia mtihani mwezi Novemba. AFQT 62. VE imepanda hadi 51, AR 57. GT 108.

ST 101.

Alinipigia simu akiwa kwenye maegesho ya magari, akanisomea namba hizo, na kwa sekunde chache nilishindwa kupumua. Imepanda ile tuliyoilea, imeshuka ile tuliyoisahau, na imesimama juu ya mstari wenyewe. Swali moja tu zaidi la puli akilikosa na ningekuwa mjomba aliyempotezea mtoto nafasi kwa ushauri wake. Hilo mamake halijui hadi leo, na kama anasoma hapa, samahani dada.

Siku ya kituo cha usajili, baada ya madaktari na alama za vidole, alikaa mbele ya mshauri wa kazi. Kumbe kustahili ni jambo moja na nafasi kuwepo ni jingine. 68W ilikuwepo, lakini darasa lililokuwa wazi lilikuwa la miezi minne mbele. Kazi nyingine ilikuwepo ya kuondoka ndani ya wiki chache, na fungu la dola za papo kwa papo juu yake. Akaomba ruhusa ya kutoka, akanipigia kutoka ukumbini, sauti chini.

"Mjomba, ni pesa nyingi."

"Kwenye karatasi kumeandikwa nini?"

"Ipi?"

"Ile utakayosaini. Kumeandikwa 68W au hakukuandikwa?"

Akanyamaza. Nikasikia watu wakipita nyuma yake, viatu vingi. Kisha akasema atanipigia tena, akakata.

Alipiga saa tisa alasiri. Alikuwa amechukua ya miezi minne, na amejipiga picha akiwa ameshika ukurasa wa kiambatisho wenye ile namba, kidole gumba kikiwa kimefunika nusu ya jina lake. Mamake aliuliza swali moja tu: hiyo miezi minne atakula nini. Alirudi ghalani. Wiki iliyofuata nilimkuta hapo nje wakati wa mapumziko ya usiku, amekaa juu ya paleti ya mbao ya kupangia mizigo, kitabu cha EMT cha mkono wa pili kimefunguliwa kwenye sura ya kutokwa damu, akikwama kwenye neno, akilinakili kwenye daftari lilelile, akiendelea.